UZI: Gari la umeme kati ya Tunduma na Mikumi, hesabu za mwinuko na soketi za gesti

#1 Ulanzi_Baridi (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Swali la "Leaf inafika Mbeya?" limejaa kwenye kila uzi wa magari, na majibu mengi ni ya kubahatisha kwa sababu watu wanachukua kilomita za kwenye tangazo na kuzilinganisha na kilomita za kwenye kibao cha barabarani. Huku kwetu kilomita ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni mwinuko.

Kipimo kwanza. Yuniti moja ya LUKU ndiyo kilowati-saa moja, kwa hiyo betri ya gari tuihesabu kwa yuniti kama tunavyohesabu umeme wa nyumbani. Nissan Leaf ya 40 (yaani betri ya kilowati-saa 40) ikiwa mpya ina kama yuniti 36 za kutumika. Iliyotoka Japani ikiwa na afya ya betri ya asilimia 92 ina 33. Nitatumia hiyo 33 kwenye mifano yote.

Tambarare, mwendo wa 80, hesabu yuniti 15 kwa kilomita 100. Ukikanyaga hadi 100 nguvu ya upepo inaongezeka zaidi ya mara moja na nusu, na matumizi yanafika 18 au 19. Kuna nafuu moja ambayo watu wa pwani hawana: hewa ya Mafinga na Makambako ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar, kwa hiyo gari linaisukuma kwa nguvu ndogo.

Kupanda: tani moja ikipanda mita 100 inakula yuniti 0.3, upotevu wa mota ukiwa ndani. Kushuka: tani hiyohiyo kwa mita 100 hizohizo inarudisha kama 0.18 mota ikigeuka jenereta. Gari lenye watu wanne na mizigo ni tani 2, basi zidisha mara mbili.

Mwinuko wa vituo, kwa makadirio: Mikumi mjini 550, Ruaha Mbuyuni chini ya 700, Iringa 1,550, Mafinga 1,900, Makambako 1,700, Igurusi na Chimala 1,100, Uyole 1,800, Mbeya mjini 1,700.

Sasa mfano. Mikumi hadi Iringa ni kama kilomita 190. Tambarare zingekula 28.5. Ongeza kupanda mita 1,000 kwa tani 2, yuniti 6. Jumla 34.5, na wewe una 33. Hufiki. Geuza safari, Iringa kwenda Mikumi: 28.5 toa 3.6, inabaki 25 hivi, unafika na yuniti 8 mkononi. Lami ni ileile, ila anayepanda na anayeshuka wanatofautiana kwa zaidi ya yuniti 9, sawa na kilomita 60. Anayekwambia "nilitoka Iringa nikafika Mikumi bila shida" hajakudanganya, ila hajakwambia chochote kuhusu kurudi.

#2 Mwendo_wa_Tochi

Mkuu shukrani. Leaf za zamani za 24 zinauzwa bei ya kuvutia. Haziwezi kabisa au ni uvumilivu tu?

#3 Ulanzi_Baridi

Za mjini hizo. Ya 24 iliyobaki na asilimia 70 ina kama yuniti 15. Iringa hadi Mafinga, kilomita 80 na kupanda mita 350: 12 jumlisha 2. Unaingia Mafinga na yuniti moja. Hiyo siyo safari, ni kamari.

Na kabla ya kununua yoyote, usisome vile vijistari vya pembeni mwa kipimo cha chaji. Chukua kidude cha OBD (kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari) cha bluetooth na programu ya LeafSpy ya simu, soma asilimia ya SOH, yaani afya ya betri, halafu angalia tofauti ya volti kati ya seli kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote chaji ikiwa chini ya asilimia 20. Milivolti 20 au 30 ni afya. Ikizidi 100, kuna seli dhaifu, na gari litakuzimikia kipimo kikiwa bado kinasema asilimia 12. Muuzaji akikataa kidude kisichomekwe, umeshapata jibu.

#4 Fundi_NjiaTatu

Hesabu za mwinuko ni sawa, ila nyanda hizi safari inaharibikia ukutani, kwenye soketi. Usitegemee chaja ya kasi ambayo hujaithibitisha kwa simu siku hiyohiyo. Panga kwa soketi ya kawaida ya pini tatu, nyingine yoyote iwe bahati.

Soketi ya kawaida kwa ampea 10 ni kilowati 2.3. Saa kumi za usiku zinatoa yuniti 23 kwenye mita, na kwenye betri zinaingia kama 20. Tatu zinapotelea kwenye chaja ya ndani ya gari na kwenye kompyuta zake ambazo hazilali wakati wa kuchaji. Plagi imeandikwa 13, lakini usiende 13 usiku kucha. Joto la kiungo linapanda kwa mraba wa ampea: kutoka 10 kwenda 13 joto linaongezeka kwa asilimia 69. Soketi za gesti zimechomekwa pasi, hita ya kikombe na redio kwa miaka, bati zake za ndani zimelegea. Kiungo chenye ukinzani wa nusu omu tu, kwa ampea 10, kinatoa wati 50 za joto ndani ya plastiki ndogo kuliko kiberiti. Ndiyo maana plagi zinayeyuka saa nane za usiku na siyo saa mbili.

Ukifika gesti, kabla hujatoa begi, omba kuona soketi. Chukua multimita, pima laivu na nyutro: unataka 220 hadi 240. Pima laivu na ethi (waya wa ardhini): iwe karibu sawa na ile ya kwanza. Pima nyutro na ethi: iwe sifuri hadi volti chache. Laivu na ethi ikisoma namba ya ajabu kama 90 au 130, ethi haipo, waya unaelea tu. Nyutro na ethi ikisoma 230, fundi aligeuza laivu na nyutro, na nyaya nyingi za kuchaji zitagoma. Zikigoma zina sababu.

Kisha chomeka, anza na ampea 6 au 8 kama waya wako unaruhusu, pima tena volti. Kama ilikuwa 225 na sasa ni chini ya 205, waya wa nyumba ni mwembamba au nguzo iko mbali. Baki na ampea ndogo. Baada ya nusu saa shika plagi. Ya vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuishika ukahesabu hadi kumi, chomoa, hamia soketi nyingine.

Ekstensheni: ile nyeupe ya duka la vifaa vya simu iache nyumbani. Unataka waya wa shaba wa 2.5 mm², mita 25 hadi 30, plagi moja, soketi moja, na UIKUNJUE WOTE. Waya uliobaki umeviringishwa kwenye gurudumu unajipika wenyewe.

#5 Parachichi_Njombe

Fundi, hapo kwenye ethi. Gesti nyingi huku ethi ni hadithi. Kuna vijana wanaunganisha nyutro na ethi ndani ya plagi, chaja inakubali mara moja. Shida iko wapi?

#6 Fundi_NjiaTatu

Shida ni kifo. Ukiunganisha hivyo, bodi ya gari imekuwa kwenye nyutro. Nyutro ikikatika popote kati ya soketi na transfoma, na huku hukatika kwa upepo na miti, bodi nzima inabeba volti 230. Anayefungua mlango asubuhi amesimama kwenye udongo wenye umande.

Kama gesti haina ethi, njia halali ni fimbo ya ethi ya shaba yenye urefu wa mita 1.2 au zaidi ipigwe kwenye udongo wenye unyevu, iunganishwe kwenye bodi ya swichi na fundi mwenye leseni, na mwenye gesti akubali. Fimbo peke yake haitoshi kuangusha breka ya kawaida, kwa hiyo lazima kuwe na swichi ya kuvuja umeme (inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Mwenye gesti anabaki na nyumba salama, wewe una soketi ya kudumu njiani. Kama unapita mara kwa mara, gharama hiyo inajilipa.

#7 Mwendo_wa_Tochi

Na malipo? Mhudumu wa mapokezi akisikia "nachaji gari" anataja bei ya lita 20 za petroli.

#8 Kibao_cha_Sao_Hill

Malipo yaweke wazi kwa yuniti. Kwenye nyumba ya kawaida ya daraja la T1, yuniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Usiku wa yuniti 23 ni kama 8,200. Kununua token ya yuniti hizo ukaiingiza mwenyewe mbele ya mhudumu kunamaliza ubishi. Soma mita ukichomeka, soma ukichomoa, mpige picha wote wawili.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii, na linaleta ugomvi wa ndugu. Nyumba ya daraja la D1, lile la matumizi madogo, yuniti ni 122 tu lakini mwisho ni 75 kwa mwezi. Ukifika kwa shangazi kijijini ukachaji Leaf kutoka chini hadi juu, umekula yuniti 38, nusu ya mwezi wake. Akivuka 75 bei inampanda, na wewe umeshaondoka zako Tunduma. Uliza daraja kabla ya kuchomeka. Kama ni D1, chaji kidogo tu ya kukufikisha mjini, au mwachie hela ya yuniti zako kwa bei ya 356, siyo ya 122.

#9 Ulanzi_Baridi

Hiyo ya D1 nimeiongeza kwenye daftari. Mkuu, kwa kuwa uko upande wa Mafinga, tuambie habari ya viwanda vya mbao.

#10 Kibao_cha_Sao_Hill

Mafinga ni hazina kwa sababu ya mbao. Viwanda vya kupasua vina umeme wa njia tatu, na mashine zikizimwa jioni umeme upo bila kazi. Mashine za kusaga za Makambako na Igurusi ni vilevile, na karakana za kuchomelea. Ukiwa na waya wa kuchaji wa ampea 32 na plagi ya bluu ya viwandani ya pini tatu, unapata kilowati 7 badala ya 2.3. Leaf yenye chaja ya ndani ya kilowati 6 inajaa kwa saa tano au sita badala ya usiku na nusu. Leaf nyingi za Japani zina chaja ya kilowati 3 tu. Hizo hata ukizipa 32 zitachukua ampea 13 hadi 15 basi. Angalia kabla hujanunua waya wa gharama.

Waya wa kutoka kwenye bodi hadi kwenye plagi ya bluu uwe 6 mm² na breka yake ya 32, usioshirikiana na mota yoyote.

#11 Fundi_NjiaTatu

Naongeza onyo, maana hapa ndipo chaja za ndani za magari zinapoungulia. Kwenye bodi ya njia tatu, kati ya njia moja na nyutro kuna 230. Kati ya njia na njia kuna 400. Mashine nyingi za kupasua mbao zinatumia njia tatu bila nyutro kabisa, kwa hiyo soketi ya mashine inaweza kuwa na waya nne: njia tatu na ethi. Fundi wa haraka akitafuta "waya mbili zenye moto" anakupa 400, na gari la njia moja linakufa kwa sekunde. Kapasita za chaja zinapasuka, unasikia mlio kama wa fataki. Pima wewe mwenyewe kwa multimita kabla ya kuchomeka, hata kama fundi ni mjomba wako.

Na usichaji mota kubwa za kiwanda zikiwa zinawashwa na kuzimwa. Kila mota ikianza, volti inazama, ikizimwa inaruka juu. Subiri wafunge kazi.

#12 Kipunji_Mpole

Naomba niweke sawa habari ya vichwa vya kuchajia, maana magari yanaingia ya kila aina. Ya Japani, Leaf na Outlander ya chaji, yana Type 1 kwa umeme wa kawaida na CHAdeMO kwa chaja ya kasi. Yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yana Type 2 na CCS2. Yaliyotolewa moja kwa moja soko la ndani la China yana GB/T, na hapa watu wanatapeliwa: kichwa cha GB/T cha umeme wa kawaida kinafanana na Type 2 kwa umbo, lakini pini na matundu vimebadilishana nafasi. Hakiingii. Adapta ya Type 2 kwenda Type 1 au GB/T kwa umeme wa kawaida ni kitu rahisi, nyaya tupu ndani. Adapta za chaja ya kasi zina kompyuta ndani, ni ghali, na nyingine zinahitaji programu yake isasishwe. Usinunue ya kasi kwa ajili ya barabara hii kabla hujajua chaja ipi utaikuta.

Waya uliokuja na gari la Japani usome kibandiko chake. Kama umeandikwa 100 V, usiuchomeke ukutani hapa hata kwa majaribio.

#13 Mzee_wa_Dizeli

Yaani wakuu, multimita, fimbo ya ethi, kuhesabu vidole kwenye plagi... Prado langu nalijaza Uyole nakutana nanyi Dar mkiwa bado mnapima nyutro Mafinga.

#14 Ulanzi_Baridi

Karibu mzee, tutakununulia vitunguu Ruaha Mbuyuni. Bei ya kujaza tanki lako hapo Uyole itaje na wewe, tulinganishe na 13,500 ya kujaza Leaf kutoka chini hadi juu.

Turudi kwenye mada. Nani ana hesabu nzuri ya Mbeya hadi Makambako?

#15 Kipunji_Mpole

Kilomita 170 hivi. Tambarare 25.5. Kutoka Uyole unashuka mita 700 hadi bonde la Igurusi na Chimala, inarudi 2.5. Ukipita Igawa unaanza kupanda kuelekea Makambako, mita 600, inakula 3.6. Jumla kama 26.6. Ukiondoka na 33 unafika na 6 na ushee. Inafaa kwa mwendo wa 80, haifai kwa 100.

Ila angalia ukirudi. Jumla inaongezeka yuniti moja tu, lakini mlima umekaa mwishoni. Kutoka Igurusi hadi Mbeya ni kama kilomita 50 na ushee, na kupanda mita 700 kupitia Inyala: 8 kwa mwendo, 4.2 kwa mlima, na foleni ya malori juu yake. Igurusi usiipite ukiwa na chini ya yuniti 14, haijalishi kipimo cha kilomita kinasema nini. Kile kipimo kinakisia kwa kutazama nyuma, kilomita zilizopita, na zilizopita zilikuwa mteremko na tambarare. Kitakwambia una kilomita 95. Ukimaliza kona za Inyala kitakuwa kimekula 60 kwa kilomita 25.

#16 Mkondo_wa_Nyuma

Suala la kushuka Inyala na Kitonga (ule mlima wa kati ya Ruaha Mbuyuni na Iringa) lina mtego wake. Betri ikiwa asilimia 100 haina pa kuweka umeme, kwa hiyo mota hairudishi kitu na gari halishikwi. Ukitoka Mbeya umejaza pomoni, mteremko wa kwanza mkubwa unaukuta bado uko 95 au 96, na mguu uliozoea kuachia pedali unakuta gari linakimbia. Unabaki na breki za diski peke yake, nyuma ya semitrela inayonuka breki. Vivyo hivyo asubuhi ya Juni na Julai kule Mafinga na Njombe: betri iliyolala kwenye baridi inapunguza yenyewe kiasi cha umeme inachopokea hata ikiwa asilimia 80.

Weka ukomo wa kuchaji asilimia 90 kama unalala juu ya mteremko. Leaf nyingi hazina ukomo huo kwenye mipangilio, tumia saa: weka muda wa kuanza kuchaji usiku wa manane ili asubuhi ikute haijajaa.

Kwenye mteremko wenyewe, tia gia ya B au ile pedali moja (gari linajishika kwa mota ukiachia pedali) KABLA ya kona ya kwanza. Kitonga ina malori yanayoshuka kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa, mwendo huo ni mzuri sana kwa kurudisha umeme. Tatizo ni kwamba taa za breki haziwaki kwa kila gari ukiachia pedali taratibu. Lori la nyuma halioni unapunguza. Gusa breki kidogo, taa ziwake.

#17 Parachichi_Njombe

Napingana kidogo. Magari yenye betri za LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati) kama BYD Atto 3 yanatakiwa yafikishwe 100 mara kwa mara, vinginevyo kipimo cha asilimia kinapotea. Volti ya LFP inabaki karibu ileile katikati ya chaji, kompyuta inakisia tu. Ukiishia 90 kila siku, unaweza kuona asilimia 15 kumbe ni 7. Kwa safari ndefu hilo ni hatari kuliko breki.

#18 Mkondo_wa_Nyuma

Uko sahihi kwa LFP. Basi jaza 100 jioni ya kabla ya safari ili ijipime, halafu zunguka mjini kilomita 30 kufanya manunuzi. Unaamka na 90 yenye ukweli. Leaf siyo LFP, haihitaji hilo.

Hiyo Atto 3 ina yuniti 60. Mbeya hadi Iringa ni kama 330, kwa 15 au 16 ni 50 hadi 53, jumlisha milima kama 2. Kwenye karatasi inafika. Barabarani, kwa mvua na upepo wa mbele uwanda wa Makambako, haifiki kwa starehe. Saa mbili za chakula Makambako kwenye umeme wa kilowati 7 zinakupa yuniti 12 na roho inatulia.

#19 Kilo_Tano_za_Wali

Kuna mtu aliuliza PM kuhusu Kyela, naweka hapa. Mbeya hadi Kyela ni kama 130, lakini kati ya Uyole na Tukuyu barabara inapanda hadi mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 pale Isyonje, ndipo ishuke hadi kama 500. Kwenda ni raha, unatumia yuniti 15 hadi 17. Kurudi unapanda mita zaidi ya 1,700: yuniti 10 za mlima peke yake juu ya 19.5 za mwendo, ukitoa kidogo ya kushukia Uyole. Hesabu 28. Kwa hiyo Kyela lazima ulale na chaji, au ujaze Tukuyu ukiwa njiani. Kyela joto linabana, chaji usiku, gari liwe kwenye mwembe na siyo juani. Leaf haina kipozeo cha maji kwenye betri, inategemea upepo tu. Vile vibonge vya joto kwenye dashibodi vikikaribia nyekundu gari linapunguza nguvu na chaja ya kasi inapunguza ampea. Bonde la mibuyu chini ya Kitonga nalo ni hivyo hivyo mchana wa Oktoba na Novemba. Panda Kitonga asubuhi.

Njombe hadi Songea ni kama 235 na milima ya Lukumburu. Leaf ya 33 haifiki kwa mkupuo. Simama Madaba, ulale.

#20 Mwendo_wa_Tochi

Jenereta kwenye buti kama akiba?

#21 Fundi_NjiaTatu

Kwa dharura ndiyo, kwa safari hapana. Jenereta ya petroli inapoteza kama asilimia 3 na nusu ya nguvu kila mita 300 za kupanda. Mafinga imepoteza zaidi ya asilimia 20. Ya kVA 3 huku ni ya kVA 2 na kidogo, ikibebeshwa ampea 10 itakoroma na kuzima. Chukua ya 5, au weka waya wa kuchaji kwenye ampea 6. Ya inveta ni bora, maana mawimbi machafu ya jenereta za bei rahisi yanaifanya chaja ikatae.

Nyutro ya jenereta ndogo nyingi inaelea, kwa hiyo chaja italalamika haina ethi. Hapa, na HAPA TU, nyutro na ethi huunganishwa kwa plagi maalumu kwenye soketi ya pili ya jenereta, kwa sababu jenereta imesimama peke yake haijaunganishwa na TANESCO. Plagi hiyo ipake rangi nyekundu, iandike JENERETA, na isiingie ukutani kamwe. Nilichokataza #6 bado nakikataza.

Lita moja na nusu ya petroli inakupa kama yuniti 3, kilomita 20 tambarare. Kwa saa moja na nusu ya kelele.

#22 Mkondo_wa_Nyuma

Kiyoyozi na hita. Foleni ya malori Tunduma haimalizi betri kama watu wanavyoogopa: gari likisimama linakula chini ya nusu kilowati, kiyoyozi kama kilowati moja. Hita ndiyo mlafi, kilowati 1.5 hadi 3 alfajiri ya Makambako. Tumia joto la kiti na usukani kama lipo, vaa sweta. Pasha gari likiwa bado limechomekwa.

Upepo wa tairi kwa Leaf ni 36 psi, pima baridi. Nyingi hazina spea, zina dawa ya pancha na pampu. Dawa hiyo haizibi tairi lililopasuliwa na shimo. Nunua spea ya saizi yako na jeki. Ndani ya hifadhi ya Mikumi kuna kama kilomita 50 ambazo hutaki kusimama kubadilisha tairi wala kuisha chaji. Usiingie getini na chini ya asilimia 25.

Kujibanza nyuma ya lori ili likukingie upepo, msifanye. Unaokoa yuniti mbili, unapoteza uso wa gari kwenye tuta asiloliona mtu.

#23 Parachichi_Njombe

Na likizima kabisa? Nani anavuta?

#24 Kibao_cha_Sao_Hill

Kwanza hakikisha siyo betri ndogo ya volti 12. Gari la umeme lina betri ya kawaida inayowasha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikifa, gari haliingii READY hata kama betri kubwa ina asilimia 80. Ishtue kwa waya kutoka gari lingine kama kawaida, likishaingia READY chomoa. Kama ina zaidi ya miaka mitatu ibadilishe kabla ya safari. Wewe usilishtue gari la mwenzio kwa gari lako la umeme.

Kama kweli chaji imeisha, usikubali kamba. Leaf inaendeshwa na magurudumu ya mbele, na yakizunguka yakiburutwa, mota inatengeneza umeme usio na pa kwenda na inachoma inveta. Bredauni ya kubeba gari zima ndiyo sahihi. Ikikosekana, ile ya kuning'iniza, MBELE ndiyo iinuliwe. Hawa jamaa wamezoea kuinua upande ulio karibu nao, simama umsimamie. Kulisukuma kwa mikono mita 20 kulitoa barabarani, gia ikiwa N, halina neno.

#25 Mwendo_wa_Tochi

Ndoano ya kuvutia iko wapi, siioni kwenye bampa.

#26 Kibao_cha_Sao_Hill

Kwenye buti, pamoja na vifaa, ni ya kuskrubu. Bampa ya mbele ina kifuniko kidogo cha plastiki, kibanue kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, zungusha ndoano hadi mwisho. Yaliyokuja kwa mnada mengi yamefika bila ndoano. Angalia leo, siyo Kitonga.

#27 Kilo_Tano_za_Wali

Ndaga fijo wakuu. Yangu haipo.